"Tunasikitika Kukujulisha": Maneno Machache Juu ya Kukataliwa

(Hotuba iliyosomwa na Halmashauri ya Elimu katika mkutano wa wanachama wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa sababu ndugu wengi wa zamu ya usiku hawakuweza kuja.)



Tumepewa nusu saa ya kusema nanyi, na Bwana Mwenyekiti ameiweka saa yake mezani ili tuione. Mwezi uliopita tulizungumza hapa habari ya akiba ya uzeeni, na wengine wenu mkalala. Hatuwalaumu, maana mlikuwa mmetoka zamu. Jioni ya leo tumechagua jambo ambalo halitamlaza mtu, kwa kuwa limempata kila mmoja aliyemo humu ndani. Jambo lenyewe ni kukataliwa.

Hatusemi habari ya kukataliwa na wachumba. Hayo mtayamaliza na wazee wenu. Twasema habari ya mtu aliyeomba kazi akaambiwa hapana, na mtu aliyeandika kitabu kikarudishwa, na mtu wa sayansi aliyeona jambo kwa macho yake akaambiwa hakuliona. Tena twataka kuliangalia jambo hili kwa upande wake wa kuchekesha. Si kwamba twaudharau uchungu wake. Uchungu wake twaujua. Lakini mtu akiweza kuicheka barua iliyomkataa, barua hiyo imekwisha pungua nguvu. Na mwishoni tuna neno moja lisilochekesha sana, nalo latuhusu sisi wenyewe wa ofisi hii. Tafadhali msiondoke kabla ya hilo.

HAPANA ZA LANGONI

Wengi wetu tulianza safari ya kazi langoni mwa kiwanda. Huko tulijifunza kwamba Hapana ziko za namna nyingi.

Iko Hapana ya kibao. Kibao kimeandikwa HAKUNA KAZI, na chini yake yuko askari ambaye kazi yake ni kukusomea kibao hicho kama hukukiona. Mwenzetu mmoja, ambaye yumo humu ndani akijificha nyuma ya nguzo, alikuwa fundi wa rangi. Alizunguka lango baada ya lango siku nyingi bila kupata kitu. Siku moja alifika mahali akakuta kibao kimechakaa hata herufi hazisomeki. Akamwamkia askari kwa adabu, akamwambia, "Mzee, kibao hiki chakudhuru wewe. Watu hawawezi kukisoma, ndiyo maana wanakusumbua kutwa." Askari akaona ni neno la maana, akaenda kumwita karani. Karani akatoka, akakitazama, akarudi ndani kumwuliza meneja. Mwenzetu akapewa kazi ya siku mbili: kuandika upya HAKUNA KAZI, lango la mbele na lango la nyuma. Akalipwa fedha zake. Twaambiwa kwamba alipokuwa juu ya ngazi, watu walisimama chini wakamwuliza kama kuna kazi, naye akawaonyesha kibao kwa brashi.

Iko tena Hapana ya "Rudi kesho." Kesho hiyo, ndugu zetu, haimo katika kalenda yo yote. Wako watu waliorudi kesho mpaka askari wa lango akawaalika arusi ya binti yake.

Iko Hapana ya "Tutakupigia simu." Mtu akiambiwa hivyo huilinda simu yake kama mtoto mchanga. Hulala nayo, huenda nayo chooni, huwakataza jamaa wasimpigie wasije wakaziba njia. Siku ya tatu simu yalia, moyo waruka, kumbe ni shemeji anaomba nauli.

Na iko Hapana yenye heshima zote, yaani ile barua ya "Tunasikitika kukujulisha." Barua hizi tumezisoma nyingi, maana wanachama hutuletea tuwasomee tuone kama kuna tumaini lililofichwa ndani. Hatujapata kumwona huyo anayesikitika. Twamfikiria ofisini kwake asubuhi, akisikitika mara arobaini kabla ya chai, na baada ya chai akianza tena. Lazima ni mtu mwenye huzuni nyingi sana, na twaomba mshahara wake uwe wa kutosha.

Mmecheka, vema. Lakini angalieni jambo hili. Kibao kilikuwako kabla hujafika. Askari hajui jina lako. Yule mwenye kusikitika amebadili jina tu juu ya barua, na pengine amelikosea. Basi katika Hapana hizi zote, ni ipi iliyosema neno lo lote juu yako wewe, na mikono yako, na akili yako? Hakuna. Nasi twarudi nyumbani tumeinamisha kichwa kana kwamba tumepimwa kwa mizani tukaonekana si kitu.

BARUA YA NDIYO ILIYOGEUKA

Msidhani ya kwamba wanaoambiwa hapana ni wale tu wasio na karatasi za elimu. Mwaka 1966 binti mmoja wa Nyeri alirudi Kenya kutoka Marekani, ambako alikuwa amesoma hata kupata shahada mbili. Alikuwa na barua yenye kumwita kazini, kumsaidia profesa wa elimu ya wanyama katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipofika kuripoti aliambiwa kwamba nafasi ile amekwisha pewa mtu mwingine. Barua yake ya Ndiyo haikumsaidia kitu. Mwenyewe alieleza baadaye ya kuwa aliona amenyimwa kwa ajili ya kabila lake, na kwa ajili ya kuwa mwanamke.

Akatafuta tena, mpaka profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, akamchukua katika idara ya elimu ya maungo ya mifugo. Huko akafundisha na kusoma, na mwaka 1971 akapata digrii ya udaktari, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mmekwisha mjua: ni Wangari Maathai.

Hapana hazikumwacha. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo ili asimame katika uchaguzi mdogo wa Bunge. Akaambiwa kwamba hawezi kusimama, kwa sababu ya mambo ya uandikishaji wa kura. Akarudi chuoni kuomba kazi yake, akakuta imekwisha pewa mtu. Ninyi mnaojua jinsi nafasi moja ya karani inavyochukua miezi kujazwa, stahini jinsi hii ilivyojazwa upesi. Basi hakuwa na Bunge wala chuo wala nyumba ya chuo. Akatia nguvu zake zote katika kazi ya kupanda miti, Green Belt Movement, aliyoianzisha mwaka 1977, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Walimfungia ofisi moja, akachukua nchi nzima kuwa ofisi yake.

Twamtaja kwa sababu nyingine pia. Alipokuwa mwalimu chuoni alipigania wanawake wapate masharti ya kazi sawa na wanaume. Basi alikuwa mwenzetu, ijapokuwa hakushika nyundo.

NGURUWE WALIOKATALIWA

Sasa twende upande wa vitabu. Tutavuka bahari mpaka Uingereza, kisha tutarudi Nairobi, maana hadithi yenyewe ilirudi.

Mwaka 1944, vita vikali vikiendelea, mwandishi George Orwell alikuwa na kitabu kidogo mkononi. Ni hadithi ya wanyama wa shamba wanaompindua mwenye shamba, kisha nguruwe miongoni mwao wanageuka kuwa wakubwa wapya, wabaya kama yule wa kwanza. Wakati ule Urusi ilikuwa rafiki wa Uingereza vitani, na kila mtu aliona nguruwe wale walikuwa wanamfanana nani. Basi wenye kupiga vitabu chapa wakakataa mmoja baada ya mmoja. Mmoja alikuwa amekwisha kubali, akaongea na bwana mmoja wa serikali, akageuza nia.

Mwingine aliyekataa alikuwa T. S. Eliot, mshairi mkubwa, ambaye alifanya kazi katika nyumba ya kutoa vitabu. Barua yake yatufurahisha mpaka leo. Alikubali kwamba kitabu kimeandikwa vizuri. Lakini alitoa hoja kwamba nguruwe wa hadithi ile ndio wenye akili kuwashinda wanyama wote, kwa hiyo ndio waliostahili kuendesha shamba. Kilichotakikana, kwa maoni yake, ni nguruwe wenye moyo wa kuwatumikia wengine. Ndugu, hoja hiyo tumekwisha isikia mahali pengine. Tuliisikia kwa meneja mmoja siku ya mazungumzo ya mishahara.

Na huko Marekani, kama Orwell mwenyewe alivyosimulia, mtoaji mmoja wa vitabu alikikataa akasema hadithi za wanyama haziuziki katika nchi ile. Alidhani ni kitabu cha watoto!

Kitabu kikatoka mwezi wa Agosti 1945, nacho kimeuzwa kwa mamilioni katika lugha nyingi sana. Mwaka 1967 kilitoka Nairobi kwa Kiswahili, kimefasiriwa na Fortunatus Kawegere, kwa jina la Shamba la Wanyama. Sisi tulio viongozi wa vyama, hasa tulioketi nyuma ya meza hii, yatupasa kukisoma kila mwaka kabla ya uchaguzi wa tawi.

Watu wale waliokikataa hawakuwa wajinga. Mmoja aliogopa serikali, mmoja alikuwa na mawazo yake juu ya uongozi, mmoja hakusoma vizuri. Kila Hapana ilitoka katika shida ya mkataaji, si katika upungufu wa kitabu.

MAZIWA YA MOTO

Hata katika sayansi, ambako twadhani kila jambo hupimwa kwa vyombo, Hapana hutangulia vipimo. Mfano wetu uko karibu, hapo Tanzania.

Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi katika shule ya Magamba. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa na sukari, huyaacha yapoe, kisha huyatia ndani ya friji ya kugandisha. Siku moja nafasi ndani ya friji ilikuwa inakwisha. Mpemba akaona akingoja maziwa yapoe atakosa mahali, akayatia yakiwa ya moto. Baadaye alipotazama, maziwa yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake, aliyeyatia bila kuyachemsha, bado hayajaganda.

Akamwuliza mwalimu wake sababu. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, alipokuwa shule ya Mkwawa huko Iringa, aliuliza tena. Mwalimu wa pale akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likacheka, na tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu wenzake walimwambia kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Lakini Mpemba alikuwa amekwisha uliza watu wengine pia. Katika mji wa Tanga alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu, naye akamwambia kwamba hutia mchanganyiko ukiwa wa moto kwa sababu huganda upesi zaidi. Sikilizeni hapo, ndugu wafanyakazi. Neno lililokataliwa darasani lilikuwa linatumika kazini, na watu walikuwa wanapata riziki kwalo.

Siku moja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo cha Dar es Salaam, alikuja shuleni kuhutubu. Wakati wa maswali Mpemba alisimama akauliza lile lile, wenzake wakacheka. Osborne naye aliona halielekei kuwa kweli, lakini hakusema hapana. Alisema atalijaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza. Akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio hilo mpaka wapate jibu lililo sahihi. Tusimcheke sana fundi yule. Nani miongoni mwetu hajarudia kuhesabu fedha za mshahara mara tatu kwa kuwa jibu la kwanza halikumpendeza?

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walitoa maandishi yao katika jarida la elimu ya fizikia. Leo jambo lile laitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Wataalamu bado wanabishana: wengine wasema huonekana, wengine wamepima wasilione, na wanaoliona hawajapatana juu ya sababu. Kwa hiyo hatuwaambii kwamba kijana alikuwa na kweli yote na mwalimu hana hata chembe. Twasema hivi tu: mwalimu alijibu bila kupima, na Osborne alipima ndipo akajibu.

HAPANA YENYE FAIDA

Sasa tusije tukawadanganya. Si kila aliyekataliwa ni Wangari Maathai, wala si kila shairi lililorudishwa ni hazina. Mara nyingine mkataaji ana haki.

Mwaka 1936 Albert Einstein, ambaye jina lake lajulikana hata na watoto, alipeleka maandishi kwa jarida moja la fizikia huko Marekani, pamoja na mwenzake Nathan Rosen. Walisema kwamba mawimbi ya nguvu ya uvutano hayako, ingawa Einstein mwenyewe zamani alikuwa amesema yako. Mhariri akampa mtaalamu mwingine ayasome, naye akarudisha karatasi kama kumi za makosa na maswali. Einstein akakasirika. Akaandika kwamba maandishi aliyapeleka yapigwe chapa, si yaonyeshwe watu kwanza, akayaondoa. Lakini kosa lilikuwako kweli. Mwaka 1937 maandishi yale yakatoka katika jarida jingine yakiwa na mwisho mwingine kabisa. Na mwaka 2015 vyombo vya Marekani viliyanasa mawimbi yale. Basi Hapana iliyomchukiza ndiyo iliyomwonya mapema asiaibike.

Jambo la namna hiyo lilitokea katika gazeti letu hili. Ndugu mmoja, ambaye leo amekaa mstari wa mbele, alileta shairi. Mhariri alilirudisha na maneno haya: "Beti kumi za kwanza ni sifa zako. Beti tano za mwisho ni viatu vya usalama. Lete za mwisho." Ndugu huyu hakusema nasi kwa wiki mbili. Kisha akaleta beti tano. Tukazipiga chapa, mtu akazibandika katika mlango wa stoo, meneja akazisoma, na mwezi uliofuata viatu vikanunuliwa. Beti kumi za sifa zingali nyumbani kwake, naye huzisoma kwa wageni wasioweza kutoroka.

Mwaona tofauti? Hapana ya kibao haikumpa mtu kitu. Hapana ya mhariri ilikuwa na sababu, na sababu ni kama spana: waweza kuishika ukafungua kitu. Kwa hiyo mtu akikuambia hapana, usikimbilie kukasirika wala kulia. Uliza kwa adabu, "Ni kwa sababu gani?" Akikupa sababu ya kweli, mshukuru, ukaitengeneze. Akikosa sababu, basi umejua kwamba Hapana ile haikuwa yako. Ni yake, mwachie.

KICHEKO KINA MPAKA

Iko Hapana ambayo hatutaki mwicheke, wala mwiache. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, hata yule ambaye bado anaomba kazi, kwa ajili ya rangi, kabila, dini, kuwa mwanamke au mwanamume, ulemavu, uja uzito, na mengineyo. Mtu akikataliwa kwa sababu kama hizo asiende kucheka kilabuni. Aje ofisini na kila karatasi aliyo nayo.

Vivyo hivyo kuachishwa. Kumkataa mgeni langoni ni jambo moja. Kumtoa mtu ambaye yumo kazini ni jambo jingine. Mwajiri akitaka kukuachisha kwa kosa, au kwa kutofanya kazi vizuri, au kwa maradhi, kifungu cha 41 chamtaka akueleze sababu kwanza, kwa lugha unayoifahamu, na una haki ya kuwa na mwenzako wa kazini au mjumbe wa chama asikie. Kumbukeni: kwa lugha unayoifahamu. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa kwa kuona haya ya kuuliza.

Na chama chenyewe hukataliwa. Barua yetu ya kwanza ya kuomba kutambuliwa katika kiwanda kimoja ilijibiwa kwamba wafanyakazi wa pale wameridhika na hawahitaji chama. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 54, yasema mwajiri atakitambua chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoweza kuingia chama. Hatukubishana. Tuliwarudishia sahihi za wale walioridhika, nazo zilikuwa zaidi ya nusu.

KATONI ILIYO CHINI YA MEZA

Sasa neno tuliloliahidi.

Mwanzoni mwa mwaka huu ofisi ya tawi ilitaka karani mmoja. Tulibandika tangazo, barua zikaja. Zilijaza katoni iliyokuwa ya sabuni. Tukakaa, tukasoma, tukachagua mtu mmoja, naye anafanya kazi vizuri. Wale wengine hatukuwaandikia neno. Hatukusikitika, hatukujulisha. Katoni ikawekwa chini ya meza, na kwa kuwa mguu mmoja wa meza ni mfupi, ikafaa kuishikilia.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mama mmoja mzee akaja, akakaribishwa kiti. Akasema mwanawe alileta barua ofisini hapa. Tangu siku hiyo kijana ameacha kutafuta kazi mahali pengine. Kila asubuhi hupiga pasi shati lile lile, hulivaa, huketi na simu yake. Mama alipomwambia labda wamekukataa, kijana alijibu hivi: ingekuwa ni tajiri, ningejua nimekataliwa, lakini hiki ni chama cha wafanyakazi, hakiwezi kumnyamazia mtu bure.

Kisha mama akatuambia, "Wanangu, sikuja kuomba kazi. Nimekuja kuomba hiyo hapana, nimpelekee."

Ndugu, tumesimama mbele ya mameneja wengi tukawaambia maneno makali, na sauti haikututetemeka. Siku ile hatukuwa na jibu. Tuliitoa katoni, meza ikalala upande, tukaitafuta barua ya kijana. Ilikuwa nzuri, hati safi. Tuliyemchagua alikuwa amekwisha shika vitabu vya hesabu, na kijana hakuwa amevishika. Hiyo ndiyo sababu, wala hapakuwa na nyingine. Katibu akaiandika kwa mkono wake, akaeleza na mahali ambapo kazi ya hesabu yaweza kujifunzwa jioni, mama akaichukua. Twasikia kijana alitoka kutafuta asubuhi iliyofuata. Bado hajapata. Hatutaki kuipamba habari hii.

Basi Halmashauri imeamua, na twaomba mkutano huu utie mkono wake. Kila barua itakayoletwa ofisi hii, ya kuomba kazi au msaada au kutiwa gazetini, itajibiwa, na kama jibu ni hapana, itakuwa na sababu. Tutaanza na zile za katoni. Mfano tuliouandaa ni huu:

"Ndugu, barua yako ilifika, tuliisoma. Kazi amepewa mtu mwingine kwa sababu hii: ___. Tumechelewa kukujibu, na kosa ni letu. Usitungoje sisi; endelea kutafuta. Tukisikia nafasi inayokufaa, jina lako tunalo."

Mtaona hatukuandika "Tunasikitika." Mwenye kusikitika atasikitika kwa kujibu mapema.

Tutakapokuwa tumelizoea jambo hili sisi wenyewe, ndipo tutakapolipeleka kwa waajiri katika mazungumzo yajayo: kila mwombaji apate jibu, hata kama ni la mstari mmoja. Hatukuweza kulidai huku katoni imekaa chini ya meza yetu.

Kazi ya kuandika itafanywa Jumamosi, saa nane mchana, hapa hapa. Bahasha zipo, kalamu zipo, chai itakuwako. Twahitaji watu wenye hati inayosomeka, na mtu mmoja wa kutuletea kipande cha mbao cha kuweka chini ya mguu wa meza. Fundi wa rangi naye aje, lakini brashi aiache nyumbani.